Hayumo Kitabuni

Mtaani walimwita Hakika, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Alilipata enzi za ghala la pamba, alipokuwa mpimaji mizani. Mkulima akileta gunia la kilo arobaini na tisa na robo tatu, wapimaji wengine waliandika hamsini, maisha yakaendelea. Yeye alingoja mshale wa mizani utulie, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema, "Arobaini na tisa na robo tatu. Hakika." Mkulima mmoja aliwahi kumwambia, "Ndugu yangu, siku ukifa tutakupima kwanza ndipo tukuzike, tusije tukawapunja mchwa." Hakika hakucheka. Aliuliza mchwa wanaingiaje hapo.

Ghala likafungwa, na hospitali ya wilaya ikawa inatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyechoka kuhesabu. Hapo ndipo kofia ilipompata mwenye kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila asubuhi apite wodini, amtafute kila aliyelazwa kwa kikohozi na homa iliyoanza ndani ya siku kumi, amwingize kijiti cha pamba puani, kijiti akitie kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu, na jina kwenye kitabu. Vichupa vilisafirishwa hadi maabara kubwa, na baada ya wiki mbili jibu lilirudi: huyu ana mafua makali, huyu ana jambo lingine. Wakati huo wengine walikuwa wameshapona, wengine wameshazikwa, lakini jibu lilirudi na liliandikwa. Siku kumi na moja hazikuwa siku kumi. Mama angeweza kulia mpaka shuka ilowe, kama mtoto ameumwa siku kumi na moja, Hakika alipita.

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, aliwaambia wateja: "Mume wangu alianza na pamba ya wakulima, sasa yuko kwenye pamba ya puani. Sisi na pamba tumefunga ndoa."

Mwaka wa sita wa kazi hiyo alikuja daktari wa hesabu kutoka makao makuu. Alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa maneno, na viatu vyake havikuwa vimewahi kukutana na tope. Alimkalisha Hakika chini akamweleza.

"Mzee wangu, wodini unawaona wanaofika. Wanaofia nyumbani huwaoni. Sasa nataka upite nyumba kwa nyumba, uulize nani aliumwa kifua mwaka huu, nani alifariki, na alipelekwa hospitali au hakupelekwa. Tukijua kwamba kwa kila mmoja anayefika kuna kadhaa wasiofika, ndipo tutajua mafua haya yanaua wangapi nchi nzima. Tusipojua, wakubwa wataendelea kusema mafua ni ugonjwa wa leso, na chanjo hatutaipata."

"Kwa hiyo nahesabu wasioonekana," Hakika akasema.

"Ndiyo hivyo."

Tangu aoe alikuwa hajaambiwa neno tamu kama hilo. Akatia sahihi karatasi ya kuapa kwamba atakayosikia nyumbani kwa watu hatayatoa nje, akapewa kibao chenye kibanio, fomu rundo, na fulana yenye mfuko wa kalamu. Kesho yake akaanza kupiga hodi.

Nyumba ya ishirini na tatu ilikuwa ya Bibi Ufunguo. Huyu mama aliitwa hivyo kwa sababu ya kamba aliyovaa shingoni, iliyobeba funguo za stoo, za pipa la maji, na za vyumba vyote vitano. Hata sukari ilikaa kifungoni. Mwanawe wa pekee alikuwa mbali, akifanya kazi kwenye ujenzi wa barabara, na nyumbani aliacha mke na binti wa miaka mitano. Alikuwa ameacha na mtoto wa kiume pia, wa miezi kumi na minne. Huyo alikufa kwa kifua msimu wa baridi, Bibi Ufunguo akiwa safarini kumuuguza bintiye aliyejifungua. Aliporudi alikuta kaburi.

Mtaa mzima ulijua alichosema siku ya tatu ya msiba, maana alikisema mbele ya majirani, mkamwana wake amekaa mkekani na kanga kichwani. Alisema: "Huyu anasema alimpeleka hospitali. Sawa, nimemwamini. Lakini siku nikijua alikaa na mjukuu wangu ndani mpaka akamfia mikononi, atarudi kwao jioni hiyohiyo. Na huyu binti atabaki hapa, kwa baba yake." Toka siku hiyo yule mama kijana alikuwa akiishi kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye utelezi.

Na sasa Hakika amekaa kwenye kigoda uani, kibao juu ya goti. Mama kijana amekaa chini mbele yake, Bibi Ufunguo kando, anachambua mchele kwenye ungo na masikio yote yako kwenye fomu.

"Mwaka huu kuna mtu wa nyumba hii aliyefariki kwa kikohozi au kushindwa kupumua?"

"Mwanangu," alisema yule mama.

"Pole. Umri?"

"Miezi kumi na minne."

"Alipelekwa hospitali? Ndiyo au hapana."

"Ndiyo. Ya wilaya. Nilimpeleka mara mbili, kaka. Siku ya kwanza wakanipa..."

"Mara moja inatosha, mama. Hapa pana kisanduku kimoja."

Akatia alama kwenye kisanduku, alama nzuri isiyogusa mstari. Yule mama alibaki na mdomo nusu wazi, halafu akaufunga. Bibi Ufunguo alipuliza pumba kwenye ungo, akasema, "Andika vizuri, mwanangu. Andika kwamba alipelekwa. Hilo ndilo linalonifanya nilale."

Jioni Hakika alifanya alichoagizwa: kila aliyesema mtoto alifika wilayani, amtafute kwenye kitabu. Alichukua kitabu chake cha wodi, akapitisha rula mstari kwa mstari, mwezi mzima wa baridi. Jina halikuwepo. Akarudia, akarudia tena. Halikuwepo. Sasa hapa ujue jambo moja. Hakika alikuwa amefanya kazi wodini miaka sita, na kwa Hakika hospitali ilikuwa wodi. Kuna dirisha la wagonjwa wa nje, kuna benchi refu la kungojea, kuna kitabu kingine kilichofungwa kwa uzi pale dirishani. Vyote hivyo alivipita kila asubuhi kama mtu apitavyo ukuta. Aliyelazwa alikuwa amefika. Asiyelazwa alikuwa hajafika.

Alimpigia simu daktari wa hesabu.

"Inatokea," daktari akasema. "Watu wanaona aibu kusema hawakwenda, kwa hiyo wanasema walikwenda. Na wakisema wote wamekwenda, hesabu yetu inaonyesha hakuna anayefia nyumbani. Rudi ukamuulize tena, peke yake, kwa upole."

Hakika aliandika pembeni mwa fomu: *arudiwe*. Peke yake na kwa upole hakuviandika.

Akarudi siku ya pili. Mama kijana alikuwa anaanika nguo, binti yake anampokeza vibanio. Bibi Ufunguo ndiye aliyefungua geti.

"Mbona umerudi, mwanangu? Kuna kilichosahaulika?"

"Nina swali dogo kwa mkamwana wako, bibi."

"Kwenye nyumba yangu hakuna swali dogo. Uliza hapahapa."

Mtu mwingine angesema ni swali la maji, ni swali la choo, angejitafutia njia. Lakini Hakika hajapata kusema uongo hata kwa mwenye deni lake. Na ile karatasi ya kiapo, yeye aliisoma neno kwa neno: maneno yasitoke nje ya nyumba. Hapa alikuwa ndani ya nyumba, anaongea na mwenye nyumba. Hakuona kosa.

"Ni huyu marehemu," akasema. "Hayumo kitabuni."

Ungedhani mtu amezima redio. Kibanio kilianguka.

"Kitabu gani?" Bibi Ufunguo akauliza, taratibu.

"Cha hospitali. Mwezi wote. Hayumo."

Mama kijana alikuja na nguo mbichi mkononi, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko. "Kaka, nilimpeleka. Angalia tena."

"Nimeangalia mara tatu. Kwa rula."

"Nilimpeleka, wallahi nilimpeleka. Nilikaa benchi toka asubuhi."

"Kitabu hakina mtu wa kumwonea, dada," Hakika akasema, na alisema kwa nia njema kabisa, kama anayemweleza mkulima kwamba mizani haina shemeji.

Bibi Ufunguo hakupiga kelele. Alitoa simu kwenye pindo la kanga, akampigia mwanawe huko kwenye lami. "Amekuja mtu wa serikali na kitabu," akasema. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, kimeandikwa." Akasikiliza tena, akakata. Kisha akamtazama mkamwana wake kuanzia miguuni. "Mume wako anasema ukakusanye vyako."

Hakika aliaga. Alikuwa na nyumba nyingine kumi siku hiyo.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ukuta kwa ukuta na ile, ya fundi baiskeli mmoja mzee. Hakika alikaa, akafungua fomu mpya, akauliza wangapi wanalala hapa. Fundi aligeuza sikio ukutani. Ng'ambo ya ukuta ufunguo ulisikika ukizunguka kwenye kufuli, kisha ngumi ndogo zikaanza kugonga mlango kwa ndani, na sauti ya mtoto ikiita mama, mama, bila kuvuta pumzi katikati. Geti likafunguka. Geti likafungwa. Ngumi ziliendelea muda mrefu, zikawa za kiganja, zikakoma.

"Wanalala wangapi?" Hakika akauliza.

Fundi alimwangalia kama mtu anayeangalia tairi lenye msumari. "Tuko wawili," akasema. "Na hakuna anayekohoa. Nenda."

Kwenye fomu ya nyumba ya ishirini na tatu Hakika alifuta *ndiyo* akaandika *hapana*, na pembeni akatia sahihi ya masahihisho. Daktari wa hesabu alifurahi. "Bila wewe tungedanganywa, mzee wangu," akamwambia. Mkewe, aliyekuwa ameshasikia yote kutoka kwa wateja kabla mumewe hajavua viatu, alisimamisha cherehani.

"Umekwenda kumpima mwenzio mbele ya mama mkwe wake?"

"Nimeuliza swali."

"Hata mimi sindano yangu inauliza tu swali," mkewe akasema, akarudi kushona.

Baada ya miezi mitatu daktari wa hesabu alikuja na swali jipya. Alitaka kujua: je, kuna waliofika dirishani, wakarudishwa nyumbani, wakafia huko? Hakika akapelekwa stoo, chumba cha mifagio na mashuka mabovu, ambako vitabu vya dirishani vilirundikwa vikiisha. Vingine vilikuwa vimenyeshewa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, rula mkononi, akaanza.

Siku ya nne alikuta jina. Jina la mtoto, jina la baba, mtaa. Hati ya daktari wa zamu: *Kikohozi, homa. Kifua safi. Dawa ya maji. Nyumbani.* Kurasa mbili mbele, jina lilelile: *Anapumua kwa shida. Alazwe.* Na chini yake kwa kalamu nyingine, ya nesi: *Vitanda vimejaa. Arudi kesho.*

Kesho yake hayumo. Keshokutwa hayumo.

Hakika alienda kuchukua kitabu chake mwenyewe, akafungua tarehe hiyo. Watoto kumi na mmoja, wawili wawili kila kitanda, na kila mmoja kijiti chake. Ilikuwa siku bora ya mwaka, makao makuu walituma salamu za pongezi. Alijaribu kuikumbuka. Alikumbuka mlango wa wodi ulivyozibwa na akina mama wenye watoto mgongoni, na yeye na boksi lake la barafu akisema, "Nipisheni, jamani, hii inayeyuka." Wakampisha. Kama yule mama alikuwa miongoni mwao, hakuwa na hakika. Na kukosa hakika kwake kulikuwa ugonjwa mpya. Alikaa juu ya ile ndoo mpaka mfagiaji akaja kuidai.

Alinakili mistari yote kwenye karatasi safi, akaenda kwa Bibi Ufunguo. Geti lilifunguliwa na mwanamke mwingine, mgeni, kijana, kanga mpya. Bibi alikuwa uani.

"Bibi, nilikosea kitabu," Hakika akasema. "Alimpeleka. Mara mbili. Walimrudisha wao."

Bibi Ufunguo aliichukua karatasi, akaiangalia juu chini, ingawa herufi hakuwa anazijua. Kidole chake kilikuwa kinapapasa funguo moja baada ya nyingine.

"Juzi ulikuja na kitabu ukasema hayumo. Leo umekuja na kitabu unasema yumo. Mwezi ujao utakuja na cha tatu?"

"Hiki ndicho cha kweli."

"Na kile kilikuwa cha nini?" Alikunja ile karatasi mara nne, akairudisha. "Mwanangu ameshaoa, baba. Mahari imekwenda, watu wamekula. Unataka nimwambie nini? Kwamba tulimfukuza mwenye haki? Kwa hiyo mimi ndiye nibaki na dhambi, wewe uende na kalamu yako? La. Acha ibaki ilivyokaa. Yule aliyeondoka ameshaizoea."

Kwenye mlango wa chumba cha pili kulikuwa na binti wa miaka mitano, amekaa kizingitini, anamtazama Hakika. Alikuwa amekonda shingo.

Mama wa binti huyo, Hakika alimkuta nyumbani kwa kaka yake, upande wa pili wa mji, anasugua sufuria kwa mchanga nyuma ya nyumba. Wifi yake alikuwa anapita pita kuhakikisha hasimami. Hakika alichuchumaa, akafungua karatasi, akamsomea. Alisoma yote, na tarehe, na neno *alazwe*, na neno *vimejaa*.

Yule mama hakuacha kusugua.

"Hayo unayonisomea nayajua, kaka," akasema. "Nilikuwepo."

"Nilitaka ujue kwamba kitabu kimekiri."

"Kimekiri kwa nani?"

Hakika akajaribu alilokuwa nalo, maana hakuwa na jingine. "Nimemrekebisha kwenye hesabu. Mwanzo alihesabiwa kwamba hakupelekwa. Sasa amehesabiwa kwamba alifika akarudishwa. Daktari anasema ni jambo kubwa. Anasema mmoja kama huyo, kwa hesabu zake, anasimama badala ya watoto wanne wasioonekana."

Mkono ukasimama juu ya sufuria.

"Wanne?"

"Wanne."

"Basi watafute mama zao," akasema. "Uwaulize mbele ya wakwe zao. Ukimaliza uje uniambie wangapi wamebaki majumbani mwao, na hilo nalo uliandike." Akamwaga maji machafu, yakampita Hakika miguuni. Hayakumlenga. Alikuwa tu pale maji yalipokuwa yakipita siku zote.

"Binti yako nimemwona," Hakika akasema akiinuka.

Yule mama alimtazama kwa mara ya kwanza. "Anakula?"

Hapo mtu mwingine yeyote angesema anakula. Hakika alifikiri, akatafuta, akakumbuka ile shingo. "Sikumwona akila," akasema.

Yule mama akavuta sufuria nyingine.

Mwaka uliofuata msimu wa baridi ulirudi, na Hakika akatumwa tena nyumba zilezile, apime kama mafua yameongezeka au yamepungua. Alikuta mtaa umejifunza. Nyumba ya kwanza, hakuna aliyeugua. Ya pili, hakuna. Kwa fundi baiskeli, hakuna, na geti halikufunguliwa, jibu lilipitia tundu la kufuli. Wanawake walimwona kona ya mbali wakawaingiza watoto ndani. Nyumba moja mama alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, huku anatabasamu na kusema tuko salama, asante, karibu tena. Hakika alikuwa na fomu arobaini, na fomu arobaini zilikuwa safi kama shuka za hoteli.

Makao makuu daktari wa hesabu alizipanga, akajumlisha, akaona mafua makali yameshuka sana wilaya ile. Akaandika hivyo kwa wakubwa, nao wakapumua. Chanjo iliyokuwa imeombwa ikaahirishwa, maana haikuonekana ni ya nani.

Nyumba ya ishirini na tatu Hakika aliiacha ya mwisho. Mke mpya alikuja getini, tumbo limeshaanza kumtangulia. Hakumkaribisha ndani. Nyuma yake, uani, Bibi Ufunguo alikuwa kwenye ungo wake, hakuinua uso.

"Mwaka huu," Hakika akauliza, "kuna mtu wa nyumba hii aliyeugua kikohozi au kushindwa kupumua?"

Kutoka chumba cha pili kilisikika kikohozi. Hakikuwa cha mtu mzima. Kilikuja kikavu, kikavuta, kikarudi, na katikati yake kulikuwa na ile sauti ya filimbi ambayo Hakika alikuwa ameisikia wodini miaka saba na aliijua kama ajuavyo cherehani ya mkewe.

Mke mpya aligeuka kumtazama mama mkwe wake. Ungo ulikuwa umesimama. Akamgeukia Hakika.

"Hapana," akasema. "Hakuna anayekohoa hapa."

Hakika alisimama na kalamu yake. Filimbi ililia tena. Alikumbuka amri ya kazi, ambayo ilikuwa wazi na hakuna aliyeibadilisha: andika unachoambiwa na mwenye nyumba. Alikumbuka pia siku alipoongeza neno la kwake uani humu, *hayumo kitabuni*. Akatia alama, alama nzuri isiyogusa mstari, akasema asante.

Geti likafungwa, na ufunguo ukazunguka.